Majaketi Mawili ya Bwana Sindano

Benchi la Mzee Kassimu lilikuwa mbao mbili zilizopigiliwa juu ya magogo, ng'ambo ya barabara kuu pale Same, mahali ambapo mtu akikaa anapata milima usoni na upepo kisogoni. Kahawa ilikuwa ya Kassimu, lakini maneno yalikuwa ya wateja. Mwaka huo wa themanini na saba maneno yalikuwa mengi kuliko kahawa, kwa sababu vitu vilikuwa vimerudi. Miaka yote ya nyuma duka lilikuwa na kitu kimoja au halina kitu, na hakuna aliyeulizwa anapenda kipi. Ulipanga foleni, ukapewa, ukashukuru. Sasa mitumba imeruhusiwa, magendo ya mpakani Taveta yamegeuka biashara halali, na watu wazima wakajikuta wanajifunza kazi ambayo hawakuwahi kuifanya: kuchagua. Ndiyo maana asubuhi ile Hezroni alipovuka barabara na jaketi kila mkono, kijiwe kizima kilisogea kumpa nafasi.

Hezroni alikuwa mtu wa chanjo. Kila wiki alifunga kisanduku cha barafu nyuma ya pikipiki ya idara, akapanda nacho Mwembe, Mbaga, mpaka vijiji ambavyo gari huviona kwa mbali tu. Kijiweni walimwita Sindano. Miezi miwili nyuma, kwenye kona moja juu ya Mwembe, gurudumu lilikanyaga changarawe na pikipiki ikamburuza hatua kumi na tano. Koti lake la kaki lilichanika kama karatasi, na ngozi ya mkono wa kushoto ikaondoka nalo. Alilala hospitali siku kumi na moja. Siku ile ya ajali akina mama wa Mbaga walikaa na watoto mgongoni mpaka jua likazama, wakarudi makwao na watoto hawajachanjwa. Alipopona, mkewe Eva alimwambia neno moja tu: kazi hiyo sikukatazi, lakini koti la kaki sitaki kuliona tena.

— Shikamoo, mzee Kassimu.

— Marahaba, Sindano. Hao umewabeba ni wagonjwa au nguo?

— Majaketi ya pikipiki. Abdulmalik muuza nguo kaniachia nije niyatazame kwenye mwanga. Bei ni moja. Nichague moja, lingine nimrudishie kabla ya adhuhuri.

— Kuchagua si jambo la kukurupukia, alisema mzee mmoja akivua miwani. Leta shauri mbele ya baraza.

Huyo alikuwa Eliufoo, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Miaka thelathini aliandika hukumu za wenzake, na tangu astaafu alikuwa akitoa za kwake. Walimwita Hakimu.

Jaketi la kwanza lilikuwa jipya, jekundu, limetoka Nairobi, lina mistari myeupe mabegani na bado limo ndani ya mfuko wa nailoni. Liling'aa hata Kassimu akalisogezea mbali birika asije akalimwagia. La pili lilikuwa jeusi, la ngozi, limetoka kwenye belo la mitumba lililofunguliwa jana yake. Hezroni alipolitua, benchi lilitoa mlio. Yeye aliyezoea kupima watoto alikuwa amekwisha kulikadiria: kilo nne, mtoto wa mwezi mmoja aliyenyonya vizuri.

— Hilo jeusi ni zito, alisema Hakimu. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Maana yake ukizidisha kinga, unaungua.

— Kinga hiyo ni ya kuni, mzee, alisema Kassimu.

— Kinga ni kinga.

Aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, Tumainieli, hakucheka. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge, na mashine ya kusaga majani, ile waiitayo korona, ilimpunguzia vidole viwili vya mkono wa kulia. Jina la mashine likabaki kuwa jina lake.

— Nipe hilo jekundu, alisema Korona.

Alishika pindo kwa vidole vitatu, akatafuta uzi uliojitokeza, akauvuta. Uzi ukamfuata urefu wa kiganja bila kubisha.

— Huu si uzi, bwana. Huu ni unywele. Sasa tazama.

Alikunja mkono wa jaketi mara moja pale kwenye kiwiko. Wekundu ukapasuka mistari myembamba, na chini yake kikaonekana kitambaa cheupe.

— Rangi juu ya shuka. Ukianguka na hili, litakusindikiza tu.

Hezroni alihisi mkono wa kushoto unamwasha. Alikuwa amelipenda lile jekundu. Alikuwa amejiona ndani yake akiingia Mbaga, watoto wakimkimbilia badala ya kumkimbia.

— Hukumu ya kwanza imetoka, alisema Hakimu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jekundu ndilo lililojitembeza kutoka Nairobi. Sasa tusikilize la pili.

Wakalikunjua jeusi. Mabegani, viwikoni na katikati ya mgongo, chini ya ngozi, mlikuwa na vipande vigumu vilivyoshonewa ndani. Korona aligonga kimoja kwa kokwa la kidole, kikajibu kama mlango.

— Hii ngozi ni nyati, alisema. Naijua. Wale wa mbuga ya Mkomazi wanapovuka reli nimewaona kwa karibu.

— Ulaya hakuna nyati, alisema Kassimu.

— Basi kifaru.

— Kifaru yupi wa Ulaya?

— Wewe umefika?

Hakimu aliinua kiganja kuomba utulivu. Alisema amesikia redioni kwamba huko kuna nyumba kubwa ambayo kazi yake ni kuangusha majaketi. Wanalivisha gogo jaketi, wanalifunga nyuma ya gari, wanaliburuza toka alfajiri mpaka watu waende kula. Likirudi zima, linagongwa muhuri. Likirudi limetoboka, aliyelishona anaitwa kueleza. Korona akaongeza kwamba hayo magumu ya ndani si plastiki. Ni masalio ya ndege iliyoanguka, kwa kuwa kitu kilichokwisha kuanguka mara moja hakianguki mara ya pili. Kassimu, ambaye mpaka hapo alikuwa akiwasahihisha wenzake tu, naye akasema labda ngozi hiyo hufundishwa: mtu akiwa amekaa inalegea, akirushwa inajikaza yenyewe, kama kobe.

— Mzee, hata wewe? Hezroni aliuliza.

— Mimi nasema labda.

Ndipo Hezroni alipoligeuza upande wa kushoto, na wote wakainama kutazama.

Kuanzia begani mpaka karibu na kifundo cha mkono, ngozi ilikuwa imekwaruzwa. Haikutoboka, ila weusi wake ulikuwa umelika ukabaki kijivujivu, mistari mirefu inayokwenda upande mmoja, kama shamba lililolimwa na ng'ombe. Hezroni aliweka mkono wake wenye makovu sambamba na ile mikwaruzo. Ilianzia palepale makovu yalipoanzia. Ilikwenda kulekule yalikokwenda.

— Kafa Ulaya, Korona alisema polepole.

Hivyo ndivyo watu walivyoiita mitumba tangu ilipoanza kuingia. Ilisemekana ni nguo za wafu, kwamba huko mtu akizikwa ndugu hufungasha makabati wakapeleka bandarini. Kwa shati mtu alisema hivyo huku akijaribu vifungo. Kwa jaketi hili hakuna aliyeweza kutabasamu.

— Mtu alikuwa ndani ya hili, alisema Kassimu.

— Rudisha, Sindano, alisema Hakimu. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Na hii imeazimwa kwa marehemu.

— Nichukue jekundu?

— Sikusema hivyo.

— Basi nivae nini Jumanne? Chanjo ya Mbaga ni Jumanne.

Kwenye baraza ya duka nyuma yao, mlio wa cherehani ulikuwa umekatika muda kidogo. Stumai, fundi aliyeshona sare za shule na aliyesikia kila neno la kijiwe kwa miaka sita bila kuchangia hata moja, alishuka na tepe yake shingoni.

— Kaka Hezroni, niletee huo mkono wa jaketi.

Alilipeleka juani, akakaza macho kwenye kiwiko.

— Mshono ulifumuka hapa. Ngozi ilishika, uzi ndio ulioachia. Halafu mtu akaushona upya kwa mkono.

— Ndugu zake, alisema Hakimu, kabla ya kuligawa.

— Sijui. Lakini fundi angepita kwenye matundu ya zamani. Huyu katoboa ya kwake, makubwa, hayalingani. Si fundi. Hapa mwanzo uzi umebana sawasawa. Hapa umelegea. Hapa amesimama, amefunga fundo, ameanza tena. Alikuwa akipumzika. Nadhani mkono mmoja ulikuwa bado unamuuma.

Alipitisha ukucha juu ya uzi.

— Na huu uzi ulikuwa mweupe. Umekuwa mweusi kwa jasho, tena umesuguka pale mkono unapojikunja. Uzi hauwi hivi kabatini. Alilishona, akalivaa, akaendelea kulivaa. Si mwezi mmoja huo. Ni miaka.

Hezroni alilichukua tena, safari hii kwa mikono yote miwili. Alijaribu kumwona mtu huyo: mahali penye baridi, bandeji mkononi, jaketi magotini, anatoboa ngozi ngumu tundu baada ya tundu ili arudi barabarani. Hakumjua jina wala rangi ya macho. Alijua tu jinsi mkono unavyouma wiki ya tatu. Korona alivua kofia. Hakimu alivaa miwani yake, akausogelea ule uzi.

— Alipona, alisema Kassimu.

— Alipona, alisema Stumai.

Kulikuwa na mama mmoja aliyesimama pembeni na kikombe, vikapu viwili vya tangawizi miguuni pake, akisubiri basi la Moshi. Alikuwa ameteremka kutoka Mbaga tangu alfajiri. Jina lake, kama alivyowaambia baadaye, ni Jenoveva.

— Samahani, baba zangu, alisema. Kama alipona, akalishona, akalivaa miaka yote hiyo, mbona alilitoa?

Upepo ulipita na vumbi lake.

— Alinunua jipya, alisema Hakimu.

— Mtu aliyelihangaikia hivi?

— Alinenepa, alisema Korona.

Stumai alitazama mkanda wa kiunoni wa jaketi. Alama ya kibanio ilikuwa kwenye tundu la ndani kabisa, lile la kubana zaidi.

— Alikuwa akikonda, alisema.

— Au uzee, alisema Kassimu. Au mke. Sijui, mama. Kwa kweli sijui.

Hezroni alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kabla hajaipa ruhusa.

— Labda aliogopa.

Wakamgeukia.

— Inawezekana. Huponi mwili wote kwa siku moja. Mimi pale nilipoanguka, tangu nirudi kazini, nikifika hapo nashuka. Naisukuma pikipiki kwa miguu mpaka kona iishe. Sijamwambia mtu. Hata Eva.

Alisubiri kicheko, maana kijiwe hakijawahi kumsamehe mtu kwa jambo dogo kuliko hilo. Hakikuja. Aliyejibu ni Jenoveva.

— Tunajua, mwanangu. Shamba langu liko juu ya ile kona. Tunakuonaga.

— Mnaniona?

— Kila unapopita. Tunaacha jembe tunatazama. Tunasema, yule kijana amebeba dawa ya watoto wetu, anatembea nayo taratibu. Sikujua kwamba ni woga. Kule juu tunaita adabu.

Hezroni aliinama, akajifanya anatafuta zipu. Lilikuwa jambo kubwa mno kulipokea mbele za watu: kwamba pale alipojiona yuko peke yake na aibu yake, mlima mzima ulikuwa umesimamisha majembe kwa heshima.

Basi la Moshi lilipiga honi. Korona alimwinulia mama vikapu, na Kassimu akakataa hela ya kahawa. Akiwa ameshika mlango, Jenoveva alimgeukia Hezroni.

— Siku utakapolitoa hilo na wewe, mwambie utakayempa ni kwa nini. Asiachwe akibahatisha kama sisi.

— Nitamwambia, mama.

Basi likaondoka. Hezroni akaingiza mikono. Viwiko vya jaketi vilikuwa vimekwisha kujikunja vyenyewe, kwa mazoea ya usukani wa mtu mwingine, na mikono yake ikakaa humo bila kulazimishwa. Hakimu akataka kusoma hukumu, akaomba kwanza aongezewe kikombe. Kassimu akainamisha birika. Yakatoka masimbi, mashapo matupu ya kahawa.

Jumanne alipanda Mbaga. Konani alishuka kama kawaida yake, akaisukuma pikipiki bila haraka, akiwa amevaa lile jeusi, na alipofika mwisho wa kona aliinua uso kuelekea mashambani, akapunga mkono wa kushoto.