Kanisa Lililovuka Mto

Mheshimiwa Rais wa Baraza la Mji, Mchungaji wetu, waheshimiwa madiwani, ndugu wazazi, na ninyi wanafunzi mliosimama nyuma kwa kukosa viti: nawasalimu nyote kwa heshima. Tumekutana kumuaga Mwalimu Leonz Rüegger, mchongaji wa mabamba ya shaba ya kupigia chapa picha, aliyefundisha kuchora katika shule hii hadi macho yake yalipoanza kumkatalia kazi.

Maisha yake yote sitayamaliza leo. Nitasimulia juma moja tu, lile lililotangulia sherehe za wapiga shabaha miaka kadhaa iliyopita, kwa kuwa wengi wenu mlikuwapo.

Mji ulikuwa umemwagiza picha ya kutia katika vyeti vya washindi. Kazi hiyo akampa mwanafunzi wake Regula, binti wa mjane Hunziker, msichana wa kwanza kuketi kwenye meza ya wachongaji. Regula alichonga kwa ustadi, ila alisahau jambo moja: picha ya shaba huchongwa kinyume, ili ikipigwa chapa itoke sawa. Yeye aliuchonga mji kama alivyouona dirishani. Karatasi ya kwanza ilipotoka, kanisa letu lilikuwa ng'ambo ya pili ya mto Aare, na wapiga shabaha wote aliowachora walishika bunduki kwa mkono wa kushoto.

Ndugu Däster, diwani wetu, aliitazama akasema, "Mwalimu, babu zetu walibadili dini ya mji mzima, lakini kanisa waliliacha mahali pake."

"Litarudi, Bwana Däster."

"Basi lirudishe wewe mwenyewe. Huyu binti na aende kwa mama yake akafume soksi."

"Kosa ni langu. Nilikagua mistari, sikukagua upande. Nikichonga mimi, mtapata picha. Akichonga yeye, mtapata mchongaji."

Je, ni wangapi kati yetu wangethubutu kusema hivyo, sherehe ikiwa mlangoni? Bamba lilikwanguliwa, likagongwa kwa nyuma, likasuguliwa mpaka likawa laini tena. Kisha Mwalimu akasimamisha kioo mezani. "Mji wa dirishani uache, mwanangu. Chonga huu wa kiooni." Regula alikuwa akilia. "Lia pembeni," akamwambia, "chumvi huharibu shaba." Regula akachonga upya mpaka mwisho, naye Mwalimu hakuigusa kalamu ya chuma ya kuchongea hata mara moja.

Vyeti vilitolewa wino ukiwa bado unachafua vidole vya washindi. Cha Ndugu Däster kimetundikwa sebuleni kwake hadi leo, na kila mgeni hulazimika kukitazama.

Jana Baraza lilikutana kumchagua atakayeshika nafasi ya Mwalimu. Aliyelitaja jina la Regula Hunziker kwanza ni Ndugu Däster, na hakuna aliyepinga.

Mwalimu Rüegger, tunakushukuru kwa mengi, lakini zaidi kwa kuwa siku ile uliiacha kalamu mkononi mwake. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunitegea sikio.

Mwalimu Hunziker, tafadhali mshike mkono Mwalimu Rüegger. Ngazi za ukumbi huu zina giza.