Moshi Usio na Harufu

Kamwene, ndugu zangu wa Ilomba, hapa Mbeya. Hivyo ndivyo tunavyoamkiana kwetu Iringa, nami nawaamkia nikiwa hai, jambo ambalo mwaka ule wa ukame sikulitegemea.

Kwetu, nyumba isiyotoa moshi jioni ni aibu. Basi njaa ilipoingia, kila mama aliinjika chungu cha maji matupu, akachochea moto. Ndugu zangu, nawaambia, kijiji kilitisha. Moshi juu ya kila paa, na harufu ya chakula hakuna. Mchi hausikiki. Jogoo hawawiki, tulishawala. Wanangu wawili walikaa wakitazama maji yakichemka, wala hawakuuliza tena.

Misheni ya jirani ilikuwa na simu ya upepo. Watoto, nieleweni: ni redio ya kuzungumzia. Kila asubuhi misheni za Iringa na Mbeya ziliitana. Wenye chakula cha ziada walisema, wenye njaa walisema, na lori likatumwa. Katekista wetu alitazama kijiji kutoka kilimani, akaona moshi, akatangaza, "Huku wanapika."

Jioni moja nilimwita mwanangu mdogo, hakuitika. Alikuwa akipumua, macho wazi, lakini hakuniona. Nikamwagia moto yale maji.

Jirani akapaza sauti, "We mama, unatuaibisha!"

"Dada, na wewe unapika nini?"

Akarudi ndani. Kisha moshi wake ukakatika. Ukafuata wa nyumba ya pili. Mwishowe paa zote zikawa tupu.

Katekista alishuka mbio, akipiga hodi kama mtu anayeogopa kutoitikiwa.

Asubuhi akaniketisha mbele ya kile chombo. Kilikoroma kama mgonjwa. Ndani yake mtu akakohoa kidogo, akasema, "Nakusikia, mama. Sema."

"Tunapika maji," nikasema.

Chombo kikakoroma. Upepo tu. Nikadhani ameondoka. Kikohozi tena: "Mama, huku Mbeya viazi vinatuozea. Subirini, lori linapakia."

Likaja. Mwanangu mdogo ndiye yule anayesinzia benchi la nyuma.

Asanteni mliochimba, mliopakia, na wewe dereva. Ninachowaomba ni hiki: ukiwa na njaa, sema. Mwenye chakula haoni ndani ya chungu chako.

Na leo, pale mlangoni, mtu alikohoa kidogo nyuma yangu, akasema, "Karibu, mama." Nywele zikanisimama. Sikugeuka, niliogopa kulia kabla ya kusema. Sasa nimemaliza. Baba, popote ulipoketi, hebu kohoa nikuone.