Koplo Leonidasi Azikwa Heru Juu

Ndugu waombolezaji, poleni kwa msiba, na wenzangu mliotoka Kibondo poleni na safari. Mimi ni Ildefonsi, mdogo wake marehemu, na najua wengi mnajiuliza kwa nini mtu wa Kibondo tunamlaza hapa Heru Juu, Kasulu, kwa hiyo nisikilizeni.

Koplo mstaafu Leonidasi Nduwayezu alizaliwa tarehe 3 Mei 1957 Kibondo, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1972, akajiunga na jeshi mwaka 1976, ambako alipatana sana na Anania, kijana wa hapa hapa, wakaenda pamoja vita vya Kagera, Anania akafia ng'ambo ya mpaka Aprili 1979, akazikwa kulekule, na kaka ndiye aliyemletea habari mama mzazi wa Anania, Bibi Winifrida, huyu aliyeketi mbele yetu.

Wazee walimshauri bibi azike shina la mgomba badala ya mwili, matanga yaishe, akawajibu kwamba yeye hakuzaa mgomba. Basi kaka, kila likizo, na tangu alipostaafu mwaka 1996 kila Oktoba, alikuja kumlimia maharage, sisi tukimtania kwamba ana mke wa pili Kasulu, naye anacheka tu.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Dorcas tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa watoto wanne, akawalea kwa jembe na ufundi wa baiskeli sokoni Kibondo.

Mwaka 2023 aligundulika ana saratani ya tezi dume, akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi kwa nguvu, na alfajiri ya tarehe 11 Machi 2025 akafariki hospitalini Kibondo. Jamani, inauma!

Aliacha wosia mmoja, azikwe hapa, na ukoo ulikasirika, mimi wa kwanza, kwamba kaka yetu mkubwa hawezi kulazwa kwenye shamba la watu baki, hadi shemeji alipotueleza maneno ya marehemu, kwamba sisi Kibondo tunayo makaburi ya kulilia, mama yake Anania hana hata moja. Tukakodi gari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, askari wastaafu wenzake, na nyinyi wa Heru Juu mliochimba kaburi tukiwa bado njiani.

Bibi Winifrida, mama yetu, udongo wa kwanza ni wako, sisi tutafuata, inuka umzike mwanao. Kaka, pumzika kwa amani hapa kwa mama.