Boma la Arap Keitany na Ruzuku ya Mteremko wa Chebirir

Wazee wa kanisa, wazee wa kokwet, baraza letu la ujirani, majirani wa juu na wa chini ya mteremko, wageni wetu mliotoka Rongai na Nakuru, familia imemwomba ndugu mdogo wa marehemu awasomee historia hii, na kwa kuwa tangu Jumanne hakuna aliyelala vizuri katika nyumba yetu, mtuvumilie pale sauti itakapopungua.

Marehemu Joel Kiplangat arap Keitany alizaliwa hapa hapa Chebirir mwaka wa 1907 au 1908, tarehe haijulikani, mama yetu alikumbuka tu kwamba wimbi lilikuwa linavunwa na kwamba hakuna aliyepata nafasi ya kumletea maji ya moto. Mwaka wa 1919 aliingia shule ya misheni kule Ravine, akasoma miaka mitatu, akajua kuandika jina lake, kusoma Injili polepole kwa kufuata kidole, na kutosema mengi, ingawa hilo la mwisho baba yetu alisema alitoka nalo tumboni. Alibatizwa tarehe 4 Aprili 1926.

Mwezi wa Februari 1923 aliandikwa kazi katika shamba la mzungu mmoja chini ya Rongai, kwanza kuchunga ndama, baadaye kuendesha maksai wa plau, kazi aliyoifanya mpaka Desemba 1946. Kwa miaka hiyo yote aliona shamba lile likilimwa kufuata mteremko, kutoka juu kwenda chini, mvua ikinyesha udongo ukashuka mpaka barabarani, mikokoteni ikakwama humo, na mwaka uliofuata likalimwa vile vile, naye hakuna aliyemuuliza anaonaje. Aliporudi nyumbani alikuta huku kwetu hali si nzuri zaidi, mteremko una makorongo ya kuficha ndama mzima, mahindi ni ya kufika kiunoni, na kila masika mto unapita ukiwa mwekundu. Siku hiyo alikaa juu ya jiwe, akavua kofia, akamwambia ndugu yake kwamba amechoka kabla hata hajaanza.

Tarehe 9 Agosti 1930 alifunga ndoa na Rebeka Jerop, ambaye yuko hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto sita, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, na wanne wapo, Ruth aliyeolewa Subukia, Daudi anayefanya kazi Nakuru na kukaa mtaa wa Bondeni, na wadogo wawili ambao bado wako shuleni.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo kila mtu hapa analijua nusu, na familia imeona leo lisomwe lote.

Mwezi wa Novemba 1954 chifu aliitisha baraza, akatangaza kwamba serikali ina ruzuku ya kusaidia udongo, yaani pesa ambazo hazirudishwi, na watu wakacheka sana, maana pesa za namna hiyo hakuna aliyewahi kukutana nazo. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba hapewi mtu mmoja, wanapewa majirani wa mteremko mmoja walioungana, kwa sababu wa juu akikataa kuchimba matuta maji yake yanamwangukia wa chini. Sharti la pili, mbolea ya kila boma isombwe mpaka mashambani, isiachwe kurundikana mpaka ng'ombe wakalala juu yake. Na la tatu, lile lililowakata watu maini, kila boma lipunguze ng'ombe kwa nusu, ili nyasi zipate kuota tena. Marehemu alizunguka nyumba kwa nyumba kiangazi chote, akashibishwa chai na ahadi, wa juu akamtuma kwa wa chini na wa chini akamrudisha kwa wa juu, mpaka miguu ikamvimba, na mwishowe wote wa mteremko wakakubali na kumfanya mwenyekiti, si kwamba aliutaka uenyekiti, ni kwamba kila mwingine alikuwa na udhuru.

Wageni wa mjini waelezwe kidogo hapa. Mtu wa huku hafugi ng'ombe wake wote mahali pamoja, maana ugonjwa ukiingia unaweza kuwamaliza kwa wiki moja, kwa hiyo huweka mmoja kwa rafiki huyu na wawili kwa rafiki yule, anayewekewa anapata maziwa na mbolea, mwenyewe anabaki na haki ya ng'ombe na ndama wake, na aliyewekewa hasemi ni wa nani, hata akiulizwa na mkwewe. Siri hiyo inaisha siku moja tu, siku mwenye boma anapokufa. Boma la marehemu lilikuwa na ng'ombe kumi na wawili, na watu walimwita tajiri, wengine kwa wivu, wengine kwa kumtania. Wake mwenyewe walikuwa sita.

Alhamisi tarehe 10 Machi 1955 Bwana Shamba alikuja kutoka Nakuru kukagua, majirani wote wakasimama kwenye uzio wakitazama, ng'ombe wakahesabiwa, kisha marehemu akaulizwa mbele ya watu kama wote hao ni wake. Wenye wale sita wengine walikuwa hapo hapo uzioni. Angemtaja mmoja tu, hesabu za maboma zingevurugika, kuna ambaye angelazimika kuuza wengi zaidi, angenuna, angejitoa, na mmoja akijitoa ruzuku ingekufa na makorongo yangeendelea kula mashamba yetu. Shemeji Jerop, aliyekuwa mlangoni na kibuyu mkononi, anasema mumewe aliwatazama watu wale mmoja mmoja, taratibu, akiwapa nafasi, na kila mmoja wao akainamisha macho kana kwamba ana mwiba mguuni. Ndipo marehemu akajibu.

"Wako kwangu," alisema, "ni wangu."

Kwa hiyo alitakiwa kuuza nusu, na ng'ombe wa mtu hauzwi. Jumamosi tarehe 19 Machi 1955 aliwaswaga wake wote sita mpaka mnada wa Rongai, akiwemo yule mweusi ambaye Jerop alipewa na baba yake siku ya arusi, akarudi jioni akitembea peke yake na fimbo begani. Jerop aliosha kibuyu, akakitundika, akalala bila kula, na tunalisema hili kwa sababu mzigo ule haukubebwa na mtu mmoja.

Ruzuku ilifika mwezi wa Julai 1955, majembe, mikokoteni, mbegu za nyasi, waya wa seng'enge na ujira wa fundi wa bwawa, na kwa mara ya kwanza watu wa Chebirir walilima kwa kukingama mteremko, wote pamoja, wakianzia shamba la juu kabisa na kushuka, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wanawake wakisomba mbolea na wanaume wakichimba matuta, na ugomvi ulikuwepo, tusidanganyane, kuna tuta moja lililochimbwa mara tatu kwa sababu ya mpaka wa mashamba. Lakini masika ya 1957 yalipokuja, maji yalishuka polepole, mto ukapita bila kuwa mwekundu, na mahindi yakampita mtu mrefu. Hilo mmeliona wenyewe.

Mliyoyaona baada ya hapo ni boma likipungua. Mwenye ng'ombe alikuja jioni kumchukua wake kwa ajili ya mahari, mwingine kwa karo, mwingine bila kutoa sababu, na hiyo ni haki yao, lakini asubuhi watu walikuta boma lina nafasi wakaanza kupiga hesabu zao, kwamba mwenyekiti anauza ng'ombe kisirisiri, kwamba amekula ruzuku na sasa anaziba mapengo. Maneno yalifika kisimani, yakafika kanisani, na mwezi wa Septemba 1957 marehemu alisimamishwa uzee wa kanisa mpaka mambo yachunguzwe. Hayakuchunguzwa. Waliojua ukweli walikaa viti vya mbele kila Jumapili. Sisi ndugu zake tulimsihi aseme, tukamkasirikia, na jibu lake lilikuwa lile lile.

"Waacheni waseme. Udongo umekaa."

Kifua kilimwanza Januari mwaka huu, akawa anakohoa akisukuma mkokoteni, anapumzika, anausukuma tena, sasa akisomba mbolea ya maboma ya wengine kwa kuwa lake halikuwa na ya kutosha. Tarehe 22 Septemba alipelekwa hospitali ya Nakuru, na Jumanne tarehe 14 Oktoba 1958, saa kumi na moja alfajiri, akafariki, Jerop akiwa amemshika mkono.

Jana ndugu Kiprugut, ambaye shamba lake ndilo la juu kabisa, alikuja mchana, akaomba wazee wa kanisa waitwe, akasema kwa kinywa chake kwamba fahali mweupe aliyetoka bomani mwaka jana alikuwa wake, kwamba na wale wengine walichukuliwa na wenyewe, na kwamba wote walinyamaza. "Aliuza wake kwa ajili yetu," alisema, "na tukamwacha atukanwe." Ametuomba tumtaje, tumemtaja, na familia inamshukuru, ingawa ingependeza zaidi marehemu angelisikia mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nakuru, Bwana Mohinder Singh, fundi wa Rongai aliyetutengenezea magurudumu ya mikokoteni na ambaye jana ametoa mbao za jeneza na lori bila kuulizwa, wenzake wa zamani wa plau waliotembea tangu usiku, na majirani waliochimba kaburi hili kwa majembe yale yale ya ruzuku.

Limebaki jambo moja. Bomani bado kuna ng'ombe mmoja, yule wa kahawia aliyevunjika pembe, anakamuliwa, na watu wametupa pole kwamba angalau marehemu amemwachia mjane maziwa. Huyo si wetu. Mwenyewe yuko hapa kati yenu, na Jerop anamjua, lakini amesema hatamtaja kwa sababu mumewe hakumtaja. Hatumdai wala hatumlaumu, tunamwomba tu akitoka hapa makaburini aje amchukue mchana, watu wakiona, apite lango la mbele. Jerop amekwisha kumkamua leo asubuhi, maziwa yake ndiyo chai mliyokunywa, na lango ameliacha wazi.

Pumzika kwa amani, arap Keitany. Mbolea iliyobaki tutaisomba sisi.