Vigae vya Darsait

Benchi la Darsait, mtaa mmoja huku kwenye nchi za Kiarabu, liko kati ya saluni na karakana ya matairi, nalo lina wenyewe. Kuna Mahfoudh, mwalimu mstaafu wa historia anayekaa ghorofani, anayeitwa Balozi. Kuna Harrison, dereva kutoka Kisii, jina lake Wakili kwa sababu ya ubishi. Kuna Priscah wa saluni, Madam Spika. Na kuna Nicholas, fundi wa viyoyozi, wanayemwita Baridi kwa kazi yake na kwa upole wake. Jioni hiyo mwenye jengo alikuwa ametuma ujumbe: makelele yamezidi, mmoja apungue, la sivyo benchi ling'olewe. Nicholas hana pengine pa kwenda. Chumbani kwake wanalala watu sita na hakuna anayejua lugha yake, kwa hiyo kucheka kwake ni hapa tu.

— Sparta wangelimaliza hili upesi, Balozi akaanza. Wallahi, wazee wa baraza lao walichaguliwa kwa ukelele. Watu wanashangilia, waamuzi wamefungiwa chumbani wanasikiliza nani kashangiliwa zaidi.

— Kumbe huko mimi ningekuwa rais! Harrison akapaza sauti mpaka fundi wa matairi akageuka.

— Na mimi ningehama, Priscah akasema.

— Athene ndiko khasa, Balozi akaendelea. Kila mwaka wanauliza: yuko mtu wa kutolewa? Wakikubali yuko, kila mmoja anakwaruza jina kwenye kigae cha chungu kilovunjika. Mwenye vigae vingi anaondoka miaka kumi.

— Bila kesi? Harrison akauliza. Na wakili wake?

— Hapana kesi, hapana wakili. Nnakwambia, yupo alotolewa kwa kuwa watu wamechoka kusikia anasifiwa.

— Hao walikuwa na akili, Priscah akasema. Kila familia ingepewa vigae vyake. Shemeji yangu angeenda mwaka wa kwanza.

— Si familia tu, Harrison akadakia. Dunia nzima! Kila mwaka nchi moja inatolewa.

— Iende wapi? Priscah akauliza.

— Kwani hiyo ni shida yangu?

Nicholas, ambaye huwa hapendekezi kitu, akasema:

— Si tufanye hivyo basi.

Mwenye makelele anajulikana, aliwaza, na kigae hakionei mtu. Akachukua kikombe chenye ufa kilichokuwa chini ya benchi akakivunja ukingoni mwa barabara. Priscah akaleta wanja kutoka saluni. Wakaandika, kila mmoja amempa mwenziwe mgongo.

Balozi akasoma.

— Harrison. Nicholas. Nicholas.

Cha mwisho alikishika kidogo kabla ya kukisoma.

— Nicholas.

Hata Balozi! Balozi, ambaye wazazi wake walitolewa Unguja na yeye akiwa mgongoni. Nicholas akasimama.

— Usikasirike, Baridi, Priscah akasema akitazama kucha zake. Wewe huna maneno mengi.

Bi Mahbuba, mkewe Balozi, akashuka na birika la kahawa na sahani ya tende.

— Nicholas mwanangu, kile kiyoyozi sasa kinapuliza vizuri, Mungu akulipe. Mbona umesimama? Kaa.

— Katolewa, Balozi akasema.

— Katolewa? Kafanya nini?

Nicholas alilisubiri jibu kwa hamu kuliko hata Bi Mahbuba. Alikuwa tayari kuomba radhi, mradi aambiwe kosa.

Balozi alitazama viatu vyake. Priscah alifunga wanja kwenye pindo la kanga yake. Harrison akaomba tende.