Nukta Iliyosimama Kwenye Chumvi

Sogeeni karibu, wanangu. Simrat, niinulie mto kidogo. Na wewe Jagroop, acha kusimama mlangoni kama mgeni, njoo ukae hapa kitandani upande wa pili wa dada yako, maana ninalotaka kusema ni lenu wote wawili, nami sina pumzi ya kulisema mara mbili.

Nyumba hii na shamba la lozi nyuma yake ni vyenu sawasawa, na mama yenu angekuwa hai angesema vivyo hivyo. Malori ni yako, Jagroop, kwa sababu mikono yako inayajua. Ofisi ni yako, Simrat, pamoja na ile ramani kwenye kompyuta ambamo kila lori letu ni nukta ya bluu inayotembea. Na hapo ndipo ugomvi wenu ulipoanzia, nami sitaki kuondoka nikiuacha humu ndani. Nawasikia mnavyosemezana kwenye simu. "Mbona umesimama Barstow?" "Nimeshuka kukojoa, dada, nikupigie na picha?" Sasa hata kula pamoja mmeacha.

Nisikilizeni. Sheria ilipoleta vile visanduku malorini, vya kuhesabu saa za dereva na kuonyesha alipo, mimi na baba yenu mdogo Mukhtiar tulikuwa na kampuni moja. Akaniambia, "Ajmer, hata nyati wa maziwa wa baba yetu kule Punjab hatukumfunga kengele, leo unataka kunifunga mimi?" Nikamjibu kwamba akitaka kuendesha bila kisanduku akaendeshe ndotoni. Akaondoka, akanunua lori kuukuu, la zamani kiasi kwamba sheria ile haikuligusa, akahamia Idaho kubeba viazi. Tangu hapo, akija kwa sikukuu tukakutana gurudwara, hekaluni kwetu, tulikaa mstari mmoja, tukala dengu na chapati za sufuria moja, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Na wewe, Simrat, nikakukataza kutaja jina lake ofisini.

Kisha mama yenu akafariki. Sikuweza kulala kitandani mwetu, nikawa napata nafuu barabarani tu, na laiti ningeachiwa ningeendesha moja kwa moja mpaka bahari ya upande ule mwingine. Lakini asubuhi ile, nimeshaivuka Nevada yote, kisanduku kikaniambia saa zangu za kuendesha zimekwisha, nami nikaingiza lori pembeni kule Wendover, kwenye ule uwanda mweupe wa chumvi, mahali nilipopita ujana wangu wote bila kushuka hata mara moja.

Mvua ilikuwa imenyesha. Maji membamba yalikuwa yamelala juu ya chumvi mpaka kwenye milima, na mbingu nzima ilikuwa imeshuka ndani yake. Nikavua viatu, nikaingia. Wanangu, nilitembea juu ya mawingu. Sikujua juu ni wapi na chini ni wapi, na treni iliyopita kule mbali ilikuwa na pacha wake aliyepinduka, nao wakaenda pamoja bila kelele. Nikamwona mama yenu mbele yangu, na ile shali yake ya rangi ya haradali, anatembea polepole kama alivyokuwa akirudi bustanini na majani ya uwatu. Sikumwita. Niliogopa maji yatatikisika.

Kumbe nilikuwa nimeshaanguka, moyo umenigomea.

Simrat, uliona nukta yangu imesimama, ukapiga simu kuniuliza kama nimekula, sikupokea. Mwingine angesema mzee amelala. Wewe ukampigia mtu niliyekukataza kumtaja. Alikuwa Salt Lake, mji wa karibu na chumvi ile, anashusha viazi, na baadaye aliniambia ulichosema: "Baba mdogo, Baba hapokei, na lori lake liko kwenye chumvi." Aliacha mzigo nusu, akaja.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni lugha ya kijijini kwetu: "Amka, mpumbavu wewe, maji yana baridi!" Akanivuta mpaka pakavu, akalaza kichwa changu mapajani mwake, kisha akavua kilemba chake, akakikunjua chote, akanifunika nacho. Ndugu yangu alikaa kichwa wazi kando ya barabara kuu, jambo ambalo mtu wa dini yetu hafanyi mbele za watu, magari yakipita, mpaka gari la wagonjwa aliloliita likafika. Hatukuombana msamaha. Alisema tu, "Kengele yako imelia, Ajmer."

Basi shikeni hili. Simrat, iangalie ramani ile kama ulivyoniangalia mimi. Nukta ikisimama, uliza kwanza habari ya mtu, ya mzigo baadaye. Jagroop, dada yako akipiga, pokea, hata kama ni kumfokea. Kisanduku kikikwambia pumzika, usikidanganye. Shuka, utazame ulipo. Mukhtiar apewe chumba cha uani, kiwe chake mpaka mwisho wake, na siku ya kuuchoma mwili wangu, kama ilivyo mila yetu, asimame mbele pamoja nanyi.

Peaneni mikono. Hapa, juu ya kifua changu... Hivyo. Waheguru awalinde, wanangu. Awape usingizi, na watu wa kuwangoja mezani. Msi... ngoja, nipumue.

Mnasikia? Lori linaingia uani. Ni letu, najua breki zake. Dereva gani huyo?... Kachelewa, eeh?

Nenda, Simrat. Usimwulize alikuwa wapi. Nendeni wote wawili... mumpashie chakula.