Ndoo Tupu ya Kutembelea

Treni ikiikaribia Urambo, Levina alijifanya amesinzia ili awasikie vizuri wanawake wawili waliokaa mbele yake.

"Daktari kaniambia nitembee kila asubuhi kwa ajili ya sukari," alisema yule mnene. "Lakini nikipita mtaani kwetu Ipuli mikono mitupu, watu wananiuliza kama nyumbani kwema. Wanadhani nimegombana na mume wangu. Siku hizi nabeba ndoo tupu."

Mwenzake akacheka kidogo. "Sisi wanakwaya tunatembea pamoja, dada. Hakuna anayetuuliza."

"Na siku wenzako wakiacha?"

Treni ikasimama kabla hajajibu.

Levina, ambaye naye ana ugonjwa wa sukari, alishuka akamwambia dereva wa bodaboda aliyemzoea kwamba leo atatembea.

Kijana akamtazama kwa huruma. "Mama, nyumbani kwema?"